Neno Lisilo na Isnadi: Yai, Mahaba na Hesabu ya Tenisi

Jumamosi, tarehe 9 Julai 2022, wale katika sisi wanaofuata Makka walikuwa wamekwisha swali Idi ya Hija, na wale wanaongojea mwezi wa hapa kwetu walikuwa bado wakiingoja yao. Hitilafu hiyo, ambayo tumeizoea, haikutuzuia kukaa baraza moja baada ya swala ya alasiri. Kahawa tungu ilikuwa ikizunguka, halua iko katikati, na televisheni imetolewa mpaka mlangoni ili kila mtu apate kuona. Ons Jabeur, binti wa Tunisia, alikuwa akicheza fainali ya Wimbledon na Elena Rybakina wa Kazakhstan. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Kiarabu aliyepata kufika fainali ya mashindano makubwa kama yale akicheza peke yake. Kwa hivyo hata wasioijua tenisi walikuja kumwombea dua.

Mtaa wetu ni mtaa wa kandanda. Aliyeijua tenisi alikuwa mzee mmoja tu, aliyepita miaka themanini, ambaye katika ujana wake alikuwa akiokota mipira katika kilabu cha walowezi. Maneno ya mchezo aliyajua kwa sikio, kama kasuku. Yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wetu: mwamuzi akitaja hesabu, yeye hutueleza nani yu mbele na nani yu nyuma.

Basi mwamuzi akataja, "fifteen, love." Akataja tena, "thirty, love." Maalim mmoja, aliyetusomesha Kurani wengi wetu pale mtaani, na ambaye Kiingereza anakijua cha kumtosha kusoma barua ya benki, akaweka kikombe chini. "Hebu nambieni, jamani," akasema. "Huyu mwamuzi ana nini na mahaba? Watoto wa watu wametoka majasho kwa kupigana mipira, yeye hesabu yake ni mahaba matupu, tena mbele ya kadamnasi!"

Baraza likacheka. Ndipo kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alipomjibu kwa adabu: "La, Maalim, hilo si mahaba. Ni yai. Yai kwa Kifaransa huitwa l'oeuf, na umbo la yai ni umbo la sifuri. Wafaransa walipokuwa wakisema yai, Waingereza wakasikia 'love'. Ami hapa ndiye aliyetufunza. Aliandika gazetini, nami nilikikata kile kipande nikakiweka, na kila mwaka huwasomea wanafunzi wangu."

Macho yote yakanigeukia. Sitaficha, ndugu msomaji: kichwa kilivimba kidogo. Maalim akanitazama kwa upole, kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipokuwa nikikosea irabu, akasema: "Vyema sana. Na isnadi yake?"

Nikatafuta jibu nisilipate. Habari ile niliisoma kitabuni. Na kitabu kile kiliitoa katika kitabu kingine. Na hicho kingine hakikusema kimeitoa wapi. Maalim alipoona nimenyamaza, akachukua kikombe chake tena. "Basi, mwanangu," akasema, "umetupa yai lisilo na kuku."

Miaka imepita tangu siku ile nami deni sijalilipa. Leo nalilipa, na nalilipa mahali pale pale nilipolikopa, katika ukurasa wa gazeti.

KUULIZA NI TABIA

Sisi tuliopita chuoni twajua isnadi ni nini. Ni ule mnyororo wa wapokezi: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, mpaka kufika kwa yule aliyekuwapo. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, sawa na mwaka 870 Miladi, hakuzikubali habari kwa kuwa zilimpendeza masikioni. Alitazama kwanza nani kazipokea kwa nani, na wapi mnyororo umekatika. Sisemi kwamba habari za mchezo wa mpira zina daraja moja na Hadithi, hasha. Lakini tabia ya kuuliza ni ile ile, na mtu aliyefunzwa tabia hiyo udogoni hana udhuru wa kuisahau ukubwani kwa sababu tu ameshika kalamu.

Kabla hatujaendelea, na tumweleze asiyeujua mchezo. Tenisi haihesabiwi moja, mbili, tatu. Mchezaji akipata pointi ya kwanza huambiwa ana kumi na tano. Ya pili, thelathini. Ya tatu, arubaini. Na ya nne humpa mchezo ule. Asiye na kitu ndiye huyo mwenye "love". Wakiwa wote wawili wamefika arubaini, mwamuzi husema "deuce", na hapo mmoja hana budi kupata pointi mbili mfululizo ndipo ashinde. Michezo sita, kwa tofauti ya miwili, hufanya seti moja. Siku ile Jabeur alichukua seti ya kwanza kwa sita kwa tatu, kisha akashindwa mbili zilizofuata kwa mbili kwa sita, mbili kwa sita. Tulimsikitikia, tukaswali magharibi.

Hesabu ya namna hii ni ya ajabu, na jambo la ajabu halikosi kuzuliwa visa. Basi na tuyapime maneno haya moja baada ya moja, tuone lipi lina mnyororo na lipi limeokotwa njiani.

YENYE MNYORORO

Tuanze na jina lenyewe. Mchezo huu ulitoka Ufaransa, na zamani ulichezwa kwa kiganja cha mkono kitupu, bila raketi. Wafaransa wenyewe waliuita, na mchezo ule wa kale wauita mpaka leo, mchezo wa kiganja. Jina la tenisi wamepewa na wageni. Mchezaji alipokuwa akitaka kuupiga mpira wa kwanza alikuwa akimwita mwenziwe kwa Kifaransa, "tenez!", yaani "shika!" au "haya, pokea!" Mgeni akisimama nje ya uwanja husikia ukelele huo tu. Takriban mwaka 1400 twalikuta neno hilo limekwisha andikwa Uingereza, likiwa na sura ya "tenetz", na sauti ya Kifaransa bado haijatoka mdomoni mwake. Huo ni mnyororo unaoshikika. Nasi hatuna haja ya kustaajabu mchezo kuitwa kwa ukelele wake, kwani sisi wenyewe chombo cha magurudumu mawili tumekiita pikipiki, na chenye magurudumu matatu tumekiita tuktuk, kwa kusikia mlio.

La pili ni "deuce". Hili nalo halina shida. Wafaransa walikuwa wakisema "à deux", maana yake zimebaki mbili, na neno lao la kale la mbili lilikuwa "deus". Maana ya neno na kanuni ya mchezo ni kitu kimoja: bado mbili, ndipo mshindi ajulikane. Waingereza walilichukua neno wakalipotoa kidogo. Wafaransa nao wakaliacha, na leo waamuzi wao hutaja usawa. Ndivyo maneno yalivyo: pengine aliyehamia ugenini huhifadhi kilichosahauliwa nyumbani.

ILIYOKATIKA KITAMBO

Sasa twafika penye kumi na tano, thelathini na arubaini, na hapa njia yaanza kuwa na matope.

Lililo wazi ni kwamba zamani ya tatu haikuwa arubaini bali arubaini na tano. Katika kitabu cha mazungumzo cha Erasmus, cha mwaka 1522, wachezaji wanahesabu thelathini, kisha arubaini na tano. Hesabu hiyo yakubali: kumi na tano mara nne ni sitini, na sitini ndiyo mwisho. Wataalamu wengi wanaona kwamba ile tano ya mwisho ilidondoka kwa sababu ya ulimi tu. Mwenye kupaza sauti uwanjani siku nzima hutafuta neno fupi.

Lakini kwa nini kumi na tano? Wapo wasemao kwamba hesabu ilitokana na saa ya ukutani, mshale ukisogezwa robo kwa robo. Kisa hiki kizuri, nami nimekisikia kikisimuliwa kwa yakini kubwa. Kasoro yake ni moja: mshale wa dakika haukuwa jambo la kawaida katika saa mpaka baada ya mwaka 1656, pale Christiaan Huygens wa Uholanzi alipobuni saa ya timazi. Saa za kabla yake nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Watu walikuwa wakihesabu kumi na tano na thelathini katika uwanja zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo. Mtoto hawezi kumzaa babake.

Heiner Gillmeister, mwanachuoni wa Kijerumani aliyeichunguza historia ya mchezo huu kwa miaka mingi, anaona kwamba hesabu ilitokana na fedha. Zamani hizo mpira wa kiganja ulichezwa kwa kamari, na palikuwa na sarafu ya Ufaransa iliyokuwa na thamani ya dinari kumi na tano ndogo ndogo. Kila pointi ilikuwa sarafu moja. Rai hii ina uzito, kwa kuwa kamari ile imeandikwa katika hukumu na makatazo ya zama zile. Pengine msomaji atauliza: ikiwa asili ya hesabu ni maisiri, je, kuitaja si haramu? Jawabu langu ni kwamba neno si tendo. Kamari imekatazwa, na aichezaye leo anajua afanyalo. Lakini mtoto anayehesabu thelathini uwanjani hana dhambi ya Mfaransa aliyekufa zamani.

Jambo la kutia maanani zaidi ni hili. Mwaka 1555 Antonio Scaino, Mtaliana aliyekuwa kasisi, aliandika kitabu kizima juu ya mchezo wa mpira, na humo akajaribu kueleza kwa nini pointi zinakwenda kwa kumi na tano. Mwaka 1579 Jean Gosselin, mtunza vitabu wa mfalme wa Ufaransa, akaandika tena juu ya shaka hiyo hiyo, akatafuta jibu katika elimu ya nyota na vipimo vya duara. Watu hawa wawili waliishi karibu na chimbuko kuliko sisi, tena walikuwa wasomi, na bado walikuwa wakiuliza. Mnyororo ulikuwa umekatika kabla ya wao kuzaliwa. Basi yeyote anayekuja leo akasema kwa mkato kwamba sababu ni hii na si nyingine, mwulize ameunga wapi.

Hata hivyo hesabu hiyo ilinusurika kwa bahati. Mwaka 1874 Meja Walter Wingfield wa Uingereza alipata hataza ya mchezo wa tenisi ya nyasini, akaupa jina la Kigiriki, Sphairistike, ambalo Waingereza wenyewe liliwakwama kooni. Kanuni zake zilikuwa za kuhesabu moja mpaka kumi na tano. Jina lilikufa na hesabu ikafa nalo. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalipofanyika mwaka 1877, wenye kilabu waliirudia hesabu ya kale ya mchezo wa kiganja. Karne moja karibu ikapita, akaja Mmarekani James Van Alen aliyetaka watu wahesabu moja, mbili, tatu kama wenye akili timamu. Alipata nusu ya aliyoyataka: tangu mwaka 1970, katika mashindano ya wazi ya Marekani, na kwingine baadaye, seti ikiwa sare kwa sita kwa sita huamuliwa kwa kuhesabu pointi moja moja. Lakini kumi na tano na thelathini hazikuondoka. Neno haliwekwi na mwenye hataza, wala haling'olewi na mwenye hoja. Huwekwa na ndimi za wengi.

YAI LENYEWE

Sasa nalifikia yai langu.

Kwanza, Mfaransa hatumii yai katika hesabu ya mchezo huu. Ukisikiliza mashindano ya Roland Garros mjini Paris utasikia mwamuzi akisema "quinze, zéro", yaani kumi na tano, sifuri. Ikiwa Mwingereza alilisikia yai kwa Mfaransa, alilisikia kwa Mfaransa yupi? Hapana andiko la zamani lionyeshalo. Pili, maandishi ya mwanzo ya Kiingereza ambamo "love" yatumika kwa maana ya kutokuwa na kitu hayatoki uwanjani wala hayatoki Ufaransa. Yanatoka mezani, katika kitabu cha Edmond Hoyle kuhusu mchezo wa karata, kilichochapwa mwaka 1742. Tatu, ni kweli kwamba katika kriketi Waingereza walikuja kuifananisha sifuri na yai la bata, na Wamarekani wakasema la bata bukini. Mfano huo ndio uliokifanya kisa kionekane cha kweli. Lakini mfano si ushahidi. Kwamba jambo laweza kuwa si sawa na kwamba lilikuwa.

Basi "love" ni nini? Gillmeister analitafuta neno hili kwa Waflemi, katika "lof", yaani sifa au heshima: mtu anayecheza kwa ajili ya heshima tu. Lakini rai ya wengi, na ndiyo iliyo katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ni kwamba love ni love, ni mapenzi yale yale. Mwingereza husema kwamba amefanya kazi kwa mapenzi anapotaka kusema hakulipwa. Na acheze karata kwa mapenzi, maana yake hakuweka fedha mezani. Asiyepata pointi, basi, yuacheza kwa mapenzi, kwa kuwa hana alichochuma.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka Maalim. Yeye asiyejua kitu alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi niliyejidai kujua. Alisikia mahaba, na mahaba ndiyo yaliyokuwamo. Tena nilikuwa sina haja ya kwenda kwa Mfaransa. Hapa kwetu mtu akimchukulia mwenziwe mzigo bila ujira husema amemchukulia lillahi. Na kitu kisichokuwa na thamani twakiita cha bure bilashi. Mlango ulikuwa wazi nyumbani, nami nikazunguka kupitia dirisha la jirani.

YANAYOTUPENDEZA SISI

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini kumsahihisha Mwingereza na Mfaransa ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuuliza isnadi ya visa vinavyotupendeza sisi.

Wapo wanaosema kwamba neno tenisi latokana na Tinnis, mji wa Kiislamu uliokuwa kisiwani katika ziwa Manzala, kule Misri. Tinnis ulikuwa mji wa wafumaji mashuhuri. Nguo zake zilisifika mashariki na magharibi, na katika zama za Bani Abbas kiswa ya Al-Kaaba ilipata kufumwa huko. Mwaka 1227 Sultani Al-Kamil aliamuru ubomolewe, na leo yamebaki magofu. Nani kati yetu asingependa wazungu wawe wameupata mchezo wao wa kifalme kwetu? Moyo wangu ulipenda. Lakini ukiuliza mnyororo huna ila kufanana kwa sauti. Hakuna aliyeandika kwamba watu wa Tinnis waliucheza mchezo huo, wala hakuna aliyeonyesha njia jina lilivyopita mpaka Ufaransa. Na "tenez" iko pale, imeandikwa. Basi yapasa tuiache Tinnis na nguo zake, ambazo ni fahari ya kutosha.

La pili ni raketi. Zipo kamusi zinazolitoa neno hili katika Kiarabu, "raha", kiganja cha mkono. Sisi raha tumeichukua kwa maana ya starehe, lakini Mwarabu huita kiganja raha vilevile. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ulianza kwa kiganja, hoja yaonekana imenyooka. Hata hivyo wengine wanalitoa neno katika lugha ya Waflemi, katika kitendo cha kuurudisha mpira. Wasomi hawajakubaliana. Hapa sisemi ndiyo wala sisemi la. Nasema yawezekana, na ndipo ninapokomea.

Lakini la tatu lina mnyororo kamili, na ndilo linalonifurahisha. Yule mwamuzi wa Paris anayesema "zéro" anasema Kiarabu asijijue. Waarabu waliipokea hesabu ya tarakimu kutoka kwa Wahindi, na mahali patupu wakapaita "sifr", kitu kitupu. Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, aliyejifunza hesabu hiyo utotoni huko Bugia katika pwani ya Algeria, alikiandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1202, na "sifr" akaiita kwa Kilatini "zephirum". Wataliana wakaifupiza ikawa "zero", Wafaransa wakaichukua kwao. Sisi tukaipata moja kwa moja, tukaiita sifuri. Kila kiungo kimeandikwa, kila mpokezi ajulikana. Hiyo ni fahari yenye isnadi, na mwenye fahari ya namna hiyo haombi ya kuzua.

Mwasema, haya yote ni mambo ya mpira, yana faida gani? Yana faida kwa sababu ugonjwa huu tunao katika lugha yetu wenyewe. Ni mara ngapi tumesikia kwamba jina la Kiswahili latokana na "siwa hili"? Kisa kitamu, na kinampendeza asiyetaka kusikia habari ya Mwarabu. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika "Sawahil", wingi wa neno la Kiarabu la pwani, na andiko lake twalo. Kwa upande wa pili wapo wasiotulia mpaka kila neno la Kiswahili wamelipatia babu wa Kiarabu, hata yale maneno ambayo Mgiriama na Mpokomo wanayo vile vile tuliyo nayo sisi. Wote wawili wanafanya kosa moja: hawatafuti asili ya neno, wanatafuta ushahidi wa jambo walilokwisha kuliamua moyoni. Waungwana husema mwacha asili ni mtumwa. Kweli, na mwenye kujitungia asili naye ni mtumwa wa matamanio yake.

TUHESABU VIPI?

Limebaki jambo moja, na ni la wenye redio na magazeti. Mwaka ule ule wa 2022, Wimbledon ile ile, Angella Okutoyi wa Kenya alishinda ubingwa wa wasichana wanaocheza wawili wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Tenisi haitakuwa tena mchezo wa kuokotewa mipira. Watoto wetu watauliza hesabu, na watangazaji wetu watatakiwa waitaje.

Nasikia wapo wanaotamani kutafsiri "love" kwa mapenzi. Wasifanye hivyo. Mapenzi kwa Kiswahili hayajapata kuwa na maana ya sifuri, na Maalim hatakuwa peke yake wa kuuliza. Tunalo neno, na kandanda imelitumia miaka na miaka: bila. Mbili bila. Tatu bila. Ni neno fupi, lapita hewani vizuri, na kila mtoto wa mtaani alijua. Basi na tuseme kumi na tano bila, thelathini bila, arubaini bila. Penye "deuce" na tuseme sawa, bado mbili. Tutakuwa tumesema hasa kile alichokikusudia Mfaransa wa kale, ambacho Mwingereza anakitamka pasi na kukijua. Na yule aliyepata moja baada ya hapo, tuseme yu mbele. Hakuna hata neno moja hapo la kukopa kwa Mwingereza.

Mwaka 2023 Jabeur alifika fainali ya Wimbledon tena, safari hii na Markéta Vondroušová wa Ucheki, na akashindwa tena. Baraza letu lilikuwa limekaa vile vile. Lakini yule mzee muokota mipira hakuwa akifasiri tena. Baraza zima lilikuwa likihesabu pamoja, thelathini bila, arubaini bila, na Maalim akihesabu kwa sauti kuliko wote. Yule kijana mwalimu alikuwapo. Namwomba, akikikata kipande hiki, akibandike juu ya kile cha zamani, na wanafunzi wake awasomee vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Si vibaya watoto wajue kwamba mtu mzima aliyeandika gazetini alikosea, na kwamba hakufa kwa kusema hivyo.

Naye Maalim namtolea beti hii moja, fidia ya lile yai:

Neno huenda safari, likatua ugenini,
Likavalishwa hariri, au gunia mwilini,
Usilizulie siri, ambayo hukubaini,
Sema sijui, ni heri, kuliko kubunibuni.